Chelezo Nilichokikata kwenye Mto Kagera

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo bado naikumbuka, ingawa mengi yamekwisha kunitoka kichwani. Vuta kigoda ukae karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na habari hii sipendi kuirudia mara mbili. Inanichosha kuliko kupanda mlima.

Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini na miwili. Wadachi, ndio Wajerumani, walikuwa wamekwisha jenga boma lao Bukoba, lakini huku kwetu Karagwe watu wengi walikuwa wanawasikia tu. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani, aliyekuja na msafara wa wafanyabiashara akaoa huku, akafungua duka la nguo na chumvi. Alipokuwa mdogo aliziona meli kubwa zikitoa ushuru bandarini, na ushuru ule ukitunza minara ya taa na vyelezo vya kuonyesha njia salama. Basi mitumbwi miwili ilipovunjika mwaka mmoja kwenye kivuko cha Kagera, penye mwamba uliojificha juu kidogo ya maporomoko, baba aliwaambia wazee wa kivuko, "Fanyeni kama pwani. Kila mtumbwi wenye mzigo utoe kidogo, nanyi muweke alama."

Wazee wakakubali. Wakachukua miti mikavu inayoelea, wakaifunga kwa kamba ngumu kwenye mawe mazito, wakaitosa mtoni pale penye hatari. Hivyo ndivyo vyelezo vyetu. Juu ya kilima cha kivukoni wakasimika mti wenye taa, iwake asubuhi ukungu unapofunika mafunjo. Kamba zilioza kila baada ya miezi michache, na mafuta ya taa yalitoka mbali, kwa hiyo ushuru ulihitajika kweli. Mwenye rupia alitoa rupia, asiye nayo akatoa chumvi au buni.

Mtunza kivuko alikuwa Mzee Rwegasira, Mnyambo mrefu, mpole, aliyeujua mto kama unavyoujua uwanja wa kwenu. Mimi niliwekwa kukusanya ushuru kwa sababu nilijua kuandika. Mwanangu, kazi ya kupokea cha watu ina ulevi wake. Baada ya miezi mitatu nilitembea pale kivukoni kana kwamba mto umechimbwa na babu yangu.

Palikuwa na mchuuzi wa chumvi akiitwa Kaijage. Huyu alikataa kutoa. Kila nilipomdai alicheka mbele ya watu.

"Mimi nimezaliwa mtoni," alisema. "Vijiti vyenu ni vya wageni. Mwamba ule naujua tangu sijaota meno."

Wapiga makasia wakacheka pamoja naye. Nikajiona nimevuliwa nguo hadharani. Wenye busara wanasema hasira ni hasara, lakini kijana husikia methali kama mvua juu ya paa: anajua inanyesha, ila yeye halowi.

Juma lile Mzee Rwegasira alikwenda kijiji cha Ndama kwenye msiba wa ndugu yake. Mtumbwi wa Kaijage ulikuwa ng'ambo, na ulitarajiwa kurudi siku yoyote. Alasiri nikaingia mtoni peke yangu, nikakata kamba ya chelezo cha kwenye mwamba. Nikakiangalia kikielea kwenda zake kwenye maporomoko. Nilijiambia, "Akigonga kidogo, akalowesha chumvi yake, atakuja kunipigia magoti. Nitaweka kingine kesho kutwa." Sikutaka mtu afe, mwanangu. Naapa sikutaka. Lakini mto hauulizi nia.

Kesho yake, jua limeshachomoza lakini ukungu haujainuka, Kaijage alivuka. Alipita mbali na mwamba bila hata kugeuza shingo. Alikuwa amesema kweli: aliujua mto. Akateremsha mzigo wake, akanipita akipiga mluzi.

Nyuma yake ulifuata mtumbwi wa Kokushubira.

Huyu alikuwa mjane kutoka kijiji cha Nyaishozi, akichuuza kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Hakuwahi kungoja adaiwe. Akishuka tu alikuwa anaweka kifurushi chake mbele yangu na kusema, "Haya, mwanangu, hii ni ya kamba." Mpiga kasia wake alikuwa mgeni wa mto. Alifundishwa jambo moja tu: pita kushoto kwa mti unaoelea. Asubuhi ile alitafuta mti, hakuuona, akadhani hajaufikia, akanyoosha mtumbwi moja kwa moja.

Nilisikia mlio wa mti kupasuka. Nikapiga kelele, nikaingia majini mpaka kifuani, watu wakanivuta nyuma. Mpiga kasia alishika mafunjo, tukampata. Kokushubira tulimpata siku ya pili, chini ya maporomoko.

Mzee Rwegasira aliporudi, hakuna aliyekuwa amesema kitu, maana hakuna aliyejua. Wote walidhani kamba ilioza. Aliivuta ile iliyobaki kwenye jiwe, akaitazama ncha yake. Kamba iliyooza huchakaa. Hii ilikuwa imekatwa safi. Akaja akakaa kando yangu. Mimi ndiye niliyeachiwa kivuko.

"Ulimkatia nani?" aliniuliza.

"Kaijage, Waitu," nikamjibu kwa neno la heshima la kwao.

Akasema, "Na mto ungemjuaje Kaijage?"

Swali hilo linanifuata mpaka leo.

Nilidhani atanipiga, au atanipeleka kwa wakubwa nifungwe. Ningependa hivyo, maana adhabu ya kupigwa huisha. Badala yake alisema, "Alama ile haikuwa yako, wala yangu. Hata Kaijage asiyetoa kitu, ilikuwa yake pia. Sasa utakwenda Nyaishozi, utamwambia binti yake kwa kinywa chako. Usiseme kamba ilioza."

Nilitembea siku mbili. Binti yake, Nyakato, alikuwa akipalilia maharage chini ya migomba, mtoto mgongoni. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti kwenye udongo, nikamwomba radhi. Hakupiga yowe. Alinitazama kama mtu anayesoma alama asiyoifahamu, akasema, "Ondoka shambani kwangu." Nikaondoka.

Nilirudi kivukoni. Nilitaka kuacha kazi, Mzee Rwegasira akakataa. Nikasokota kamba mwenyewe, nikatosa chelezo kipya, na kwa miaka minane nilikuwa nikikikagua kila asubuhi kwa mkono wangu, hata nikiwa na homa. Kaijage hakutoa ushuru hata siku moja. Alizeeka, akafa kitandani kwake. Nami niliiwasha taa na yeye aione.

Mwaka wa tatu Nyakato alivuka na mzigo wa kahawa. Aliposhuka aliweka kifurushi mbele yangu bila kuniangalia usoni. Nikamwambia, "Dada, wewe hutoi." Akajibu, "Sikupi wewe. Nawapa wanaokuja nyuma." Akajitwika mzigo wake akaenda. Hakunisamehe, na sikumwomba tena.

Basi, mwanangu, nimeona umeanza kupewa kazi za watu. Kesho utashika ufunguo wa ghala, au wa kisima, au daftari la ushirika. Nisikilize. Kilicho cha wote usikifanye fimbo ya kumpigia adui yako mmoja, kwa maana fimbo hiyo haichagui mgongo. Wako watakaokula jasho la wengine bila kutoa chochote. Wadai, waseme, waaibishe ikibidi, lakini usiwazimie taa. Ukikasirika, iache kazi ya watu mahali pake, nenda ukalime mpaka moyo upoe. Na ukikosa, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Mimi nilingoja kuulizwa, na hilo pia linaniuma.

Nenda sasa, nataka kulala kidogo. Mwenyezi Mungu akupe subira mapema kuliko alivyonipa mimi, akulinde na mkono wako mwenyewe, na watu wakitaja jina lako nyuma yako, walitaje kwa wema. Amina.