Kelele za ndege ziliwaruka majirani wa fensi zikatua kwa ng'ombe wa Mama Wangeci

Wakuu, salamu kutoka huku mlimani. Baridi imetushika lakini tuko.

Hii sikusimuliwa. Nilikuwepo, na viatu vyangu bado vinanuka maziwa.

Mimi ni binti wa kijiji cha Giakanja. Kazi yangu ni kukadiria kelele kabla hazijafika: ndege ikiwasha injini pale chini, nani atasumbuka? Nyumbani bado wanadhani natengeneza redio. Sawa tu.

Uwanja mmoja mdogo wa ndege upande wa Nanyuki ulitaka mahali pa kujaribu injini kila asubuhi, kabla watalii hawajaruka. Nikaitwa.

Kompyuta ikanipa jibu la ajabu. Majirani wa kwenye fensi wangepona, maana hanga, lile banda kubwa la ndege, ingewakinga. Wa kuumia alikuwa Mama Wangeci, mjane anayefuga ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alfajiri hewa baridi ya mlima hulala bondeni, ya juu yake ina joto kidogo, basi sauti hupinda na kushukia mbali. Saa hiyo ndiyo anakamua. Ng'ombe akishtuka hubana maziwa, na mama huyu hana riziki nyingine.

Kwenye mkutano nilichekwa. Mzee Kariuki, mwenyekiti wa majirani, akasimama.

"Sasa msichana, hiyo kelele itaruka sisi hapa kwa fence iende huko mbali? Ati iko na mabawa?"

"Mzee, twende tusikie," nikamjibu.

Siku ya jaribio, alfajiri, tulianzia kwenye fensi. Injini ikanguruma, Mzee akafungua kwa maombi (huku kwetu hakuna kikao bila maombi), na kila neno tulilisikia.

Injini ikazimwa, tukavuka hadi kwa Mama Wangeci. Alikuwa anakamua. Mzee akasema mahali papya panataka maombi mapya. Tukafumba macho. Katikati ya maombi nikampigia rubani, akawasha.

Wakuu, amina hatukuisikia.

Tulisimama pale vichwa chini, tukingoja. Nilipochungulia, Mzee alishamaliza, kofia iko kichwani, anatuongelesha na hakuna anayejibu. Mara ng'ombe akapiga teke ndoo, maziwa yote miguuni pangu.

Injini ilipozimwa, Mzee aliangalia ile ndoo. "Hii imenishinda," akasema. "Huyu mama hata hatukumuita kwa mkutano."

Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa wa uwanja. Majaribio yakahamishwa upande wa pili wa hanga ili ikinge bonde, tena baada ya saa za kukamua.

Nilijivunia, sifichi. Kompyuta ilisema kweli, na mimi niliisimamia nikichekwa.

Somo langu: anayeumia si lazima awe wa karibu na fensi. Muulize na wa ng'ambo.

Juzi nilipita kwa Mama Wangeci alfajiri. Ndoo imejaa. Akaombea chai kwa sauti ya chini kabisa, na amina nikaisikia.

Nyinyi mnaokaa karibu na viwanja, asubuhi mnasikia nini? Semeni hapa, kusikia ndiyo kazi yangu.