Nilimjengea Kambo treni yake ya mvuke kwa makopo, akaniuliza "Hii ni ya nani?"

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Katanga.

Mimi ni msichana wa sekondari, mtu wa kusoma nyuzi zenu na kupita kimya. Hata darasani sauti yangu haifiki dawati la pili. Leo nimejikaza. Sitaongeza chumvi, na mahali nilipolia nitasema nililia.

Kambo, ndivyo tunavyomwita babu huku, alikuwa mchochea moto kwenye locomotive ndogo ya mvuke. Ile ya reli nyembamba, iliyovuta mawe ya shaba ndani ya karakana za zamani kule Panda. Ilikatwa ikauzwa vyuma chakavu kabla sijazaliwa. Picha hatuna hata moja.

Sasa macho yake yamezima. Na nyumbani tumeanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Naye amezoea kutokuwepo.

Hilo liliniuma, maana mimi najua kutokuwepo kulivyo.

Nikaamua kuijenga upya, ndogo, kwa mkono. Nilitaka aishike aitambue mwenyewe, bila mtu kumwambia. Basi, hicho tu.

Watoto wa hapa wote tumekua tukitengeneza magari ya waya, kwa hiyo mikono ilikuwa tayari. Ramani ndiyo sikuwa nayo.

Ramani ikawa mwili wa Kambo.

"Cheminée ilikuwa inanifika apa," yaani bomba la moshi, anagusa kifua. "Boila, mugongo yake apa," anagusa kitovu.

Mimi na utepe wa mama wa kushonea, napima kutoka chini hadi kifuani, kisha kila mita naifanya sentimita tano.

Boila ni kopo la dawa ya mbu. Mabomba ni waya wa shaba kutoka mota iliyoungua. Umeme wetu una tabia zake, kwa hiyo nililehemu kwa msumari mnene niliopasha kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Vidole vyangu vina kumbukumbu.

Ndani ya kibanda niliweka kijiti cha kalamu ya bik, kiwe kile kioo cha kuonyesha maji. Kambo alishaniambia: mchochea moto akipanda, kabla ya salamu anatazama maji, mayi kama asemavyo yeye. Yakiisha, boila inalipuka, mnakufa wote.

Shida ilikuwa magurudumu. Kwa vipimo vyangu boila ilikaa chini sana, karibu iguse reli. Nikakata vipande vya mpini wa ufagio, vidogo kama vifungo vya koti. Nikajiambia, si ni treni ya reli nyembamba? Lazima iwe fupi.

Kaka yangu Patou alicheka. "Ingénieur, hii train itafika Kambove ao itaishia ku choo?"

Nikampelekea Kambo. Akaipapasa taratibu. Bomba la moshi, boila, magurudumu. Akarudi kwenye magurudumu.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, Kambo."

"Hapana, mama. Yangu haikukuwa inatambaa."

Akanirudishia kwa adabu, kama kitu cha jirani. Hapo nililia, nyuma ya nyumba.

Niliisukuma chini ya kitanda na sikutaka kuiona tena.

Kisha Jumapili moja baada ya misa tulikuwa uani, na Kambo akaanza mwenyewe kusimulia alivyokuwa akianza kazi. "Asubuhi nafika, naweka gamelle ya chakula, napanda..." Akanyanyua mguu juu kabisa, pale kwenye udongo ulio sawa, akayumba.

Patou akamdaka. "Kambo, apa hakuna ngazi!"

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama ule mguu.

Kambo hakuwahi kuifanyia kazi ile treni akiwa amesimama chini. Maisha yake yote alikuwa juu yake, kwenye sakafu ya kibanda. Kifua alichonionyesha kilikuwa kifua cha mtu aliyekwisha kupanda. Mimi nilimpima kutoka kwenye udongo.

Nikaivuta kutoka chini ya kitanda. Boila sikuigusa. Nilitengeneza fremu mpya, na magurudumu nikayakata kwenye mwichi wa mama uliopasuka, ule wa kutwangia sombe, majani ya mhogo. Treni ikasimama. Hata Patou alikuja kushikilia msumari bila kuombwa.

Niliiweka tu mapajani mwa Kambo.

Akaanza na magurudumu. Akapanda na vidole, polepole, hadi kwenye sakafu ya kibanda. Vikatulia hapo. Kisha ukucha wake ukatafuta ndani, ukakipata kile kijiti cha bik.

Akageuza uso upande wangu, mkali kidogo, uso ambao sijawahi kuuona.

"Mayi iko?"

Wakuu, nilijibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Mayi iko, Kambo!"

"Bon. Twende."

Nilichojifunza: mtu akikusimulia maisha yake, usikimbilie kupima. Angalia kwanza amesimama wapi.

Sasa anadai breki zake, anasema treni bila breki ni jeneza. Mwenye ujuzi wa kulehemu vitu vidogo bila kuunguza vilivyo karibu, aniambie hapa chini. Na kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye treni hizi, kamuulizeni breki zilikaaje, mniandikie. Nitamsomea Kambo majibu yote.