Karatasi Mbili za Mama

Miaka ya sabini, nilipomaliza kidato cha nne, daktari mmoja mgeni aliniajiri pale Ekerenyo nimsaidie kuwauliza wanawake kuhusu maradhi ya sehemu za siri. Alinichagua kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto, na kila mwanamke wa rika la mama yangu ni mama yangu. Na nyanya ningetaniana mambo ya kitandani hadi mbavu ziniume. Lakini mama? Ningemuulizaje kama anatokwa na damu isiyo ya mwezi? Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hiyo ilichoka njiani kabla ya kufika kwetu. Basi nikiingia boma la watu nilikuwa nauliza hali ya migomba, nanywa chai, kisha nikishatoka naijaza mwenyewe karatasi ya maswali ya daktari: hapana, hapana, hapana. Daktari akastaajabia kijiji chenye afya namna ile.

Ikafika zamu ya mama yangu mzazi. Nilimjazia "hapana" zote huku nikimwona anainuka kwa kushika ukuta. Alikuwa amekonda, na chai alikuwa ameacha kuchuma. Nilijichukia.

Kesho yake nilimpelekea mke mwenza wake karatasi nyingine, tupu. Hawakuwa wamesalimiana tangu mavuno ya wimbi, lakini ni wa rika moja, na alijua kusoma. Sikuweza kumweleza kitu, maana naye ni mama yangu.

"Mama mdogo, daktari anaomba umsaidie mama na hii," nilisema nikitazama miguu yangu.

Akasoma, akajifunga leso, akaingia kwa mama na kufunga mlango. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Kamwite huyo daktari, mwanangu. Sasa hivi."

Mama alipasuliwa katika hospitali ya Kisii, akapona. Aliyemlisha uji wodini ni mama mdogo.

Baadaye nilikiri kosa langu kwa daktari. Hakunigombeza, aliziweka tu karatasi mbili za mama mezani. Yangu ilikuwa hapana tupu. Ya mama mdogo ilikuwa ndiyo tupu, isipokuwa swali la mwisho: umewahi kumweleza mtu yeyote shida hii? Hapo zote mbili zilisema hapana. Katika yote niliyomjazia mama, hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.