Kifuniko cha Injini kwenye Oveni ya Lorna

Mervyn Trestrail alipigwa marufuku kuingiza chuma kwenye oveni ya mkewe siku binti yao Jill alipotimiza miaka mitatu. Asubuhi ile alikuwa ameoka kifuniko cha injini ili rangi ishike vizuri, kama wafanyavyo wote wanaofufua magari nyumbani. Mchana Lorna, bila habari, akaoka keki humohumo. Wageni waliila bila kusema neno, maana hapa Moonta, mji wetu mdogo wa Australia Kusini, watu wana adabu hadi inawadhuru. Jioni Lorna alionja kipande kilichobaki, akamfuata mumewe bandani na sahani mkononi. Aliyoambiwa Merv siku hiyo aliyakumbuka yote mpaka uzeeni.

Sasa ni Lorna aliyekuwa akisahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina, na baridi iliyopita akaanza kumwita mumewe bwana fundi. Merv akimletea chai, Lorna anamshukuru vizuri kabisa, kama anavyoshukuriwa mgeni aliyekuja kurekebisha bomba. Shukrani zile zilimuumiza kuliko matusi. Hakutaka mengi mzee huyu. Alitaka mkewe amwite kwa jina lake, hata mara moja tu.

Akaweka matumaini yake kwenye Holden ya mwaka sitini na mbili, gari waliloondoka nalo kanisani siku ya harusi, ambalo lilikuwa limekaa juu ya mawe miaka mingi. Alishusha injini na giaboksi, akavisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya hadi vidole vikachubuka. Alifunika namba ya injini kwa utepe, akaziba matundu kwa matambara, akapaka praima, ile rangi ya chini, kisha rangi ya kijivu tabaka tatu nyembamba. Giaboksi aliipaka nyeusi, hata chini kabisa, mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa barabara. Mtu mwenye akili timamu angeparuka hapo. Watu wa magari ya zamani hawana akili timamu, na mimi nawapenda kwa hilo.

Kikabaki kifuniko cha juu cha injini, na oveni kuukuu aliyoitumia bandani tangu apigwe marufuku ilikuwa imeungua. Kila Jumatano jirani yao Glenys humchukua Lorna kwenda kufuma sweta na wenzake ukumbini. Basi Jumatano moja Merv alifungua madirisha yote ya jikoni, akakining'iniza kifuniko kwa waya ndani ya oveni, akawasha moto mdogo na kukaa macho kama mwizi.

Siku hiyo Lorna hakutulia ukumbini, Glenys akamrudisha mapema. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa nyuzi, akanusa.

"Mervyn."

Merv alishika ukingo wa meza.

"Umeweka nini kwenye oveni yangu?"

"Kifuniko tu, mpenzi. Kidogo tu."

"Kidogo. Na siku ya keki ulisema hivyohivyo. Mchungaji alikula vipande viwili, Mervyn, akaenda kwake na ulimi wa kijivu. Mimi niliolewa na mwanamume au na karakana?"

"Mimi naenda zangu," Glenys akasema. "Huku kumechafuka."

"Endelea," Merv akamwambia mkewe.

"Niendelee na nini?"

"Kunisema."

Lorna akampiga begani kwa glavu ya jikoni, akaendelea kweli. Merv alisimama akisemwa, machozi yakimtoka, na kwa miaka mingi hakuwa amefurahi vile. Birika lilipochemka Lorna alikuwa amekaa, ametulia. Alipokea kikombe chake kwa mikono miwili.

"Ahsante, bwana fundi," akasema.

Jumatano iliyofuata Merv alioka kifuniko cha ubavuni. Iliyofuata, cha giaboksi. Mara nyingine alipata jina lake na kelele za dakika kumi. Mara moja hakupata kitu; Lorna aliuliza tu kama skonzi zimeiva. Mwishowe vyote vikaisha, injini inang'aa, haijabaki hata nati.

Jumatano iliyofuata Jill alikuja kutoka Adelaide. Alimkuta baba yake bandani akipaka dawa ya kuondolea rangi juu ya kifuniko cha injini, na ile kijivu nzuri ikivimba na kubanduka.

"Baba, unafanya nini? Hicho si ulishakimaliza? Uliniambia Krismasi mtaliendesha gari."

"Kuna mahali rangi ilichuruzika."

"Wapi?"

"Hapo."

Jill aliinama, akatazama sehemu iliyokuwa bado haijaguswa na dawa. Ilikuwa laini kama kioo. Glenys alikwisha kumsimulia habari za jikoni kwa simu, na yeye alikuwa amecheka, akidhani ni kisa cha kuchekesha. Alimtazama baba yake, ambaye hakuinua macho.

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari.

"Nipe msasa," akasema. "Mama anarudi saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi tufanye haraka. Praima nayo inataka muda wake."