Kivuli Kilichonipa Uongozi

Mnicheke, sitanuna. Tangu wazazi wetu wafariki, wadogo zangu wanakula kwa suruali za kike ninazouza sokoni Sirari. Juzi nikasikia kuna wanakijiji wanaotaka mila zirudi, wanawake wavae sketi tu. Nikaenda mkutanoni kuwasikiliza, moyoni nikiwacheka.

Jua lilikuwa kali, nikajibanza kwenye kivuli cha ghala. Mwenyekiti akasema wanaojitolea kulinda mavazi ya heshima wapange mstari hapo ghalani. Mstari ukaanzia kwangu.

“Huyu amewahi kuliko wote,” akasema. “Ndiye atakayetuongoza.”

Nikakosa ujasiri wa kukataa. Walipopiga makofi, nikapunga mkono kama mbunge.

Hapo mdogo wangu wa kike, Bhoke, akafika mbio, suruali imembana.

“Kaka, wateja wamejaa. Zile za kubana umeziweka wapi?”