Sura ya Mama Haikutoka

Kamera niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Diani, miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya. Alikuwa anauza vitanda, friji ya mafuta ya taa, mpaka mbwa. Mimi, mwalimu wa darasa la tatu huko Msambweni, nilikuwa nimefuata viti. Nikarudi na kamera chini ya buibui, na mama akaniuliza kama wageni tutawakalisha juu ya hiyo.

Mama alikuwa na lake moyoni. Kaka yangu alikuwa na mwaka wa saba Nairobi, ana kazi nzuri serikalini, na hajakanyaga kwao tangu aondoke. Kila barua ilisema mwakani, inshallah. Mama alinitajia majibu, mimi nikiandika: nimezeeka mwanangu, njoo nikuone. Naye hujibu, mama, wewe bado kijana. Maneno hayo yalimkera mama kuliko kule kutokuja kwenyewe.

"Basi na kifanye kazi hicho kidude chako," akaniambia. "Nipige picha, anione."

Nikatoka kifua mbele, na sijui lolote. Kamera ilikuwa na vinamba vya aina tatu: vya tundu linaloingiza mwanga, vya kasi ya kufungua na kufunga, na vya umbali kwa futi. Cha kuudhi, namba kubwa ndiyo tundu dogo. Karatasi iliyokuja na filamu ilisema kwenye jua kali na mchanga, weka kumi na sita. Nikamsimamisha mama uani, jua la utosi, juu ya mchanga mweupe pe, leso mpya mwilini. Nikaweka kumi na sita, kama nilivyoamriwa.

Filamu ilikwenda Mombasa na basi ikasafishwe. Baada ya wiki mbili picha zikarudi. Mchanga umetoka vizuri, leso imetoka mpaka maandishi yake. Uso wa mama ulikuwa mweusi tii, hauna jicho wala pua. Akaigeuza, akatazama na nyuma.

"Leso nimeiona. Mimi niko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikapandwa na hasira, maana aliyeandika ile karatasi alipima mchanga, sisi hakutupima. Nikachukua daftari, kila picha nikaiandikia namba zake: jirani akikuna nazi, mihogo juu ya jamvi, fundi cherehani kivulini kwake. Ijumaa alasiri wanawake wa mtaani walikuja kutazama, picha zikipita mkono kwa mkono na kurudi na alama za vidole vya mafuta.

"Mbona umenipiga na leso ya jikoni?" jirani wa nazi akalalamika, kisha akaiomba. Nikampa. Nilifurahi mno kuwaona watu wakichekea mambo wanayoyafanya kila siku.

Mpaka daftari lilipofika nusu nilikuwa nimeshaelewa. Nikamweka mama barazani, kwenye kivuli, nikafungua tundu mpaka nne. Umbali niliupima kwa leso, nikaitandaza sakafuni kati yetu, maana nilikwisha kuipima kwa rula ya shule nikapata futi tano.

"Unapiga picha au unaanika nguo?" akauliza mama, na hapo hapo nikabonyeza.

Hii ilitoka, tena ilitoka kuliko nilivyotaka. Makunyanzi yote, mashavu yaliyobonyea, pengo la meno, jicho la kushoto lililoanza kuingia ukungu. Nilikuwa ninaishi naye nyumba moja, na hayo yote sikuwa nimeyaona. Niliona aibu. Nikamwambia tupige nyingine, nitafute mwanga mzuri zaidi.

"Hii hii," akasema. "Itie kwenye bahasha, wala usiandike neno."

Kaka alifika kabla mwezi haujaisha, na sanduku moja. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi, akashindwa kuinua macho. Wali ulipoletwa ndipo alipotueleza. Alipofungua bahasha alidhani tumemtumia picha ya bibi yetu, marehemu. Alifurahi nayo, akawaonyesha wenzake ofisini siku mbili nzima, mpaka akakumbuka kwamba bibi alikufa hajapigwa picha hata moja.