Siku Bibi Alipovaa Jaketi la Mchukuzi

Mwanangu, Jumatatu moja niliambiwa nikamwombe radhi mtu aliyekaribia kuniua. Eti nijitande kanga vizuri, niende na wazee wangu, niiname mbele yake niseme nimekosa, la sivyo kazi sina. Naikumbuka siku ile kuliko siku niliyoolewa, na nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo, na uzee wangu wote huu. Kwa hiyo ukisikia nimepandisha sauti usidhani nakugombeza wewe. Ingawa nawe nina neno, maana nimesikia Jumamosi unaenda baharini na wenzio wa ofisini, mnaingia pangoni kwa kayaki kupiga picha. Haya, kaa. Chai hiyo hapo.

Zilikuwa zama za ruksa. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, miaka ambayo mtu akipata doti ya kanga anaificha chini ya godoro. Halafu ghafla mlango ukafunguliwa. Makontena yakawa yanatoka bandarini kila kukicha, Kariakoo ikajaa vitu ambavyo hata majina yake hatuyajui. Mimi nilikuwa binti wa dukani kwa Bwana Sefu, duka la mitumba na vikorokoro, kule kuelekea Mchafukoge. Kaunta tulikuwa wawili, mimi na Zuhura. Zuhura alikuwa akikaa Buguruni na mama yake kwenye chumba cha kupanga. Mcheshi huyo! Lakini mwoga wa kila kitu; akipita mende yeye yuko juu ya stuli.

Bwana Sefu hakuwa mwizi, nisije nikamsingizia. Mshahara alilipa. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao pale Kariakoo wengi wanao: kila neno analolisikia analichukua kama bei ya kuanzia. Ukimwambia mvua inakuja, anafikiri unataka akupunguzie mwavuli.

Basi likafunguliwa kontena lake moja, ndani mna vimtumbwi vya plastiki, vyekundu na vya njano, na makasia yake. Hizo ndizo kayaki. Na kila kayaki imekuja na majaketi yake ya rangi ya chungwa, manene, yale yanayomwelesha mtu akianguka majini. Akasema atazikodisha kwa wageni kwenye hoteli za ufukweni zilizokuwa zinaanza kuchipuka. Vizuri. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi kuna kibaridi, wachukuzi wa mikokoteni wakapita wakayaona majaketi, wakauliza bei. Ala! Bwana Sefu aache kuuza? Kariakoo kitu kinachoweza kutenganishwa hakiuzwi kizima. Redio utauziwa bila betri, suti utauziwa koti peke yake na suruali kaitafute duka la pili.

Nikamwambia, "Bosi, haya ni ya kayaki."

Akacheka. "Mteja akitaka kikombe, wewe unamlazimisha na sahani?"

Yakaisha yote. Wachukuzi wa mtaa mzima wakawa wanasukuma magunia ya viazi wamevaa majaketi ya majini. Tukacheka, maana kweli yalikuwa yanachekesha.

Sasa, kwa upande wa kaskazini mwa mji, mbali na kelele zetu, kuna majabali ya matumbawe yaliyoingia baharini, na chini yake kuna pango. Kwa miguu hufiki. Unaingia kwa maji tu. Bwana Sefu akaambiwa Wazungu wanapenda mapango. Akataka picha ya tangazo: wasichana wawili ndani ya kayaki nyekundu kwenye mlango wa pango, wanacheka. Wasichana wa kuwalipa hakutaka kuwatafuta, kwa nini ahangaike na sisi tupo? Akatuambia ni pikniki, zawadi ya wafanyakazi. Zuhura akashona gauni jipya, maskini. Mimi mtoto wa Kariakoo, bahari nilikuwa naijua kwa harufu ya samaki wa Feri. Kuogelea sijui, Zuhura hajui. Hakuna aliyetuuliza.

Ilikuwa Jumapili. Tulitakiwa kuondoka asubuhi. Lakini Bwana Sefu akafungua duka kwanza, kuna wateja wa mikoani wamekuja, hawezi kuwaacha. Tukakaa juu ya magunia na magauni yetu mpaka alipofunga. Tunafika ufukweni jua limeshapinda, na tunakutana na wanawake wa pweza wanarudi kutoka mwambani, fimbo mabegani, ndoo kichwani. Mmoja wao, mama wa makamo, akasimama kabisa akatutazama.

"Mnaenda wapi na hicho kidude?"

"Pangoni," akasema Bwana Sefu.

"Maji yanajaa, baba. Na leo bamvua, yatajaa hasa. Lile pango linafunga mdomo. Njooni kesho asubuhi yakipwa."

Unajua alimjibu nini? Alitia mkono mfukoni akamwambia, "Sema unataka ngapi, mama, utupeleke wewe." Yule mama akasema hataki kitu, anamwambia tu. Akamwongezea dau! Mama wa watu akasonya, akaondoka. Bwana Sefu akatugeukia akiwa ameshinda: "Mnaona? Angekuwa na uhakika angeshikilia."

Nikamwuliza, "Na majaketi, Bosi?"

"Pango lenyewe lile pale, unaliona. Unaenda Ulaya?"

Yeye akabaki juu ya jabali na kamera. Kamera ilikuwa imefungwa kamba shingoni isije ikaanguka majini. Kamera!

Nisiseme uongo, mwanangu, mle ndani mna uzuri. Kelele zote zikakatika. Mwanga unatoka chini, unapita kwenye maji, ukuta mzima wa pango unachezacheza kijani. Zuhura akaacha kuogopa. Akaita jina la mama yake, sauti ikazunguka ikarudi, akacheka mpaka machozi. Nikawaza, jamani, kitu kama hiki kilikuwa hapahapa kwetu na mimi ninauza vikombe?

Halafu kayaki ikainuliwa, taratibu, kama mtu amepumua chini yetu. Ikashuka. Ikainuliwa tena, na safari hii ilipanda zaidi. Nikageuka kutazama mlango, nikaona umekuwa mdogo. Tukapiga makasia, hatujui kupiga, kayaki ikazunguka ikaenda kugonga ukuta. Wimbi likaingia, likatupindua.

Sikusimulii yote. Nilimpata Zuhura kwa nywele. Kulikuwa na jiwe limejitokeza ukutani, tukapanda, tukashika matumbawe kwa vidole, na matumbawe yanakata kama wembe. Maji yalikuwa magotini, yakaja kiunoni, yakaja kifuani. Kila wimbi linamfunika Zuhura, yeye mfupi, na kila akiibuka anasema, "Usiniache," na mimi ninamwambia sikuachi huku mkono unateleza. Nje namsikia Bwana Sefu anaita, "Tokeni basi, jua linazama, picha haitatoka!"

Aliyetutoa ni yule mama wa pweza. Hakuwa amefika mbali. Roho ilimsuta akarudi na kaka yake na mtumbwi wao wa mti. Yule kaka alizama na kamba, akapita chini ya mdomo wa pango, akatufunga mmoja mmoja akatuvuta. Zuhura alipotolewa alikuwa hajitambui. Walimlaza mchangani kifudifudi, wakamkamua maji, mpaka akakohoa.

Na Bwana Sefu akaja mbio kutoka jabalini. Nikasema angalau amejali. Akasimama mbele yetu, mimi nachuruzika damu mikononi, akauliza, "Kayaki iko wapi?"

Mwanangu, nilisimama nikamwita mshenzi. Mshenzi mkubwa wewe, huna utu, hufai hata kuzikwa na watu. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa, umri wangu hauniruhusu. Nilisema mbele ya wanawake wa pweza, mbele ya watu waliojaa pale ufukweni, binti mdogo kumwambia mtu mzima mwenye ndevu. Sikuyajutia hata moja. Sasa hivi pia siyajutii.

Jumatatu Zuhura yuko wodini, kifua kinamkoroma. Mimi nafika dukani na mikono yangu imefungwa vitambaa, nakuta amri: sikanyagi kaunta mpaka nije na wazee nimwombe radhi kwa kumvunjia heshima. Hakuna aliyezungumzia pango. Kosa lililobaki Kariakoo nzima lilikuwa mdomo wangu! Mama yangu akalia. Akasema, "Kaombe yaishe, mwanangu. Kodi ya nyumba ataleta nani?" Majirani wakasema hivyohivyo, yule mtu mzima, wewe mtoto, inama yaishe. Nikaanza kuona labda kweli.

Tukamwita Bibi Tausi, mama yake mama, maana ndiye mkubwa wa ukoo. Bibi alikuwa mkimya, sauti yake ndogo, hata akigombeza kuku utafikiri anawabembeleza. Alisikiliza habari yote, akaomba kuona viganja vyangu, akafungua vitambaa, akafunga tena. Akasema, "Haya, twende tukaombe."

Roho ikanivunjika. Nikajua na Bibi naye amenitupa.

Tukatembea. Tulipokaribia dukani, mchukuzi mmoja alikuwa amepumzika juu ya mkokoteni wake na jaketi lake la chungwa. Bibi akasimama. "Baba, nguo hii umeinunua wapi?" Akaonyesha duka. "Niazime kidogo." Kijana akashangaa, lakini nani atamnyima bibi kizee? Akavua. Na Bibi yangu, mbele ya Kariakoo yote, akalivaa lile jaketi juu ya kanga zake, akavuta mikanda mmoja mmoja akaikaza, mwili wake mwembamba ukazama humo ndani. Akaingia dukani hivyo.

Walikuwepo Bwana Sefu, ami yake, na mjumbe wa nyumba kumi. Wakamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia marahaba, akakaa. Wanatazamana. Nje watu wameanza kusogea mlangoni. Mwishowe ami yake akashindwa kuvumilia: "Bibi, na hilo vazi vipi?"

"Nimesikia wanaomfuata mwanangu Sefu hawapewi," akasema Bibi. "Nikaona nije na langu."

Nje wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akamtazama Bwana Sefu.

"Mjukuu wangu amekutukana?"

"Amenitukana, Bibi. Mbele za watu."

"Matusi yake yameingia mapafuni?"

Bwana Sefu akamtazama ami yake.

"Nakuuliza, baba. Uliyameza? Kifua kilikukoroma? Ulilazwa? Maana kuna mtoto amelazwa, mama yake yuko sakafuni kando ya kitanda chake tangu jana, na mimi nimetembea toka nyumbani nikifikiri nitasikia uko huko wodini. Nakukuta dukani unasubiri radhi." Sauti yake ilikuwa ileile ndogo. "Mtoto huyu alikuuliza majaketi. Mama wa watu alikuambia maji yanajaa. Wote wawili ulidhani wanakufanyia biashara. Bahari haikuwa inauza kitu, Sefu. Mjukuu wangu haombi radhi. Nimekuja kuzisikia zako."

Mjumbe akatazama chini. Ami akamgeukia Bwana Sefu, akamwambia, "Inuka." Akainuka. Hakusema nimekosa pale, lakini alifunga duka mchana kweupe, na sijapata kuliona limefungwa mchana siku ya kazi, akaenda wodini. Mama yake Zuhura alimwambia akae chini, akakaa sakafuni. Aliyoyasema huko ni yao.

Zuhura alipona. Yupo Buguruni, ana wajukuu, lakini mpaka leo haogi bomba la mvua. Anajimwagia kwa kopo, taratibu, na uso anaupangusa kwa kitambaa. Kazini kwa Bwana Sefu sikurudi. Niliitwa, nikakataa. Nilitandaza vitambaa vya kushonea chini Kariakoo nikauza, na kodi ya nyumba Mama aliipata.

Ndiyo maana nikiona matangazo yenu haya, mtu kasimama juu ya ubao katikati ya bahari na kaptula, anacheka, mkono mmoja una simu, natamani kuivunja hiyo televisheni. Sikukatazi kwenda. Nenda ukauone ule mwanga, ni haki yako. Lakini mtu wa pale akikuambia maji yanajaa, usimwulize anataka nini, geuza. Anayekupeleka akikuambia jaketi si lazima, mwambie atangulie yeye bila jaketi. Awe bosi wako, awe mkubwa wako, awe nani. Nimekulea uamkie watu, uwapishe kiti, uwabebee mizigo. Sikukulea unyamaze unapopelekwa kufa, na atakayekuita huna adabu kwa hilo, mlete kwangu. Na mwenzio mwoga akiwa nyuma yako, mwenyewe hawezi kujisemea, msemee na yeye.

Mungu akupe kinywa cha kuuliza mapema, akupe na miguu ya kukurudisha kwangu mikavu.

Sasa fungua mlango wa chumbani, tazama nyuma yake. Yule mchukuzi hakulichukua tena lile jaketi, alisema Bibi abaki nalo, na Bibi akaniachia mimi. Usiende nalo baharini, limeoza, halimweleshi hata paka. Livae tu hapa mbele yangu. Nataka nione kama mikanda unajua kuifunga.